Kapu la Krismasi na ujira uliobaki ghalani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (SW), Mgawaji wa riziki asiyempunguzia mja haki yake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake, maswahaba zake na wote waliofuata mwendo wao kwa wema. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu katika imani, kila unapoingia mwezi wa Desemba hutujia swali lile lile kwa vinywa mbalimbali. Mara huulizwa na karani wa benki, mara na mwalimu wa shule ya binafsi, mara na mpishi wa hoteli ya kitalii kule Zanzibar: mwajiri wangu si Mwislamu, ametoa zawadi ya Krismasi kwa wafanyakazi wote, nami jina langu limo katika orodha, je, niipokee au niiache?

Safari hii swali lilitufikia baada ya swala ya Ijumaa, kutoka kwa ndugu mmoja afanyaye kazi katika ghala la kampuni ya biashara hapa Dar es Salaam. Alikuwa amepewa kapu: mchele kilo 10, mafuta ya kula lita 3, sukari kilo 2, unga wa ngano, biskuti za kopo, na juu yake kadi yenye salamu za Krismasi na Mwaka Mpya. Alipolifikisha nyumbani mkewe, ambaye ni mwanamke mcha Mungu aliyesoma chuoni tangu utotoni, alikataa lisiingie jikoni. Alisema hatawalisha watoto wake mchele wa sikukuu ya dini nyingine. Mama mzazi wa yule bwana, ambaye anaishi nao, alisema mchele ni mchele, na kwamba katika maisha yake amekula pilau la jirani Mkristo mara nyingi na bado anaswali swala tano. Kapu likakaa nyuma ya mlango siku tatu. Watoto wakilipita na kulitazama ile kopo ya biskuti, na wakubwa hawasemezani. Tulifahamu kwamba ndugu yetu hakuja kutafuta fatwa tu, bali alikuja kutafuta amani ya nyumba yake.

Tuanze basi na mchele, kwa kuwa jambo lake ni jepesi zaidi.

Asili ya zawadi ya asiyekuwa Mwislamu ni kuruhusika. Mtume (SAW) alipokea zawadi ya Muqawqis, mtawala wa Misri, na akapokea nyumbu mweupe kutoka kwa mfalme wa Ayla. Imam Bukhari, katika Sahih yake, ameweka mlango mahsusi juu ya kupokea zawadi za washirikina. Wako watakaosema kwamba hizo hazikuwa zawadi za sikukuu, na kusema kwao ni kweli. Lakini jambo hili nalo wamelizungumza wanazuoni waliotutangulia. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 Hijria, aliandika kitabu kizima, Iqtidhaa as-Siraat al-Mustaqiim, kuwaonya Waislamu wasiige sikukuu za wengine, na sidhani yupo atakayemtuhumu kwa ulegevu katika suala hilo. Naye humo humo ameeleza kuwa kupokea zawadi yao siku ya sikukuu yao si jambo lililokatazwa, akitaja habari ya Sayyidna Ali kupokea zawadi ya siku ya Nairuzi, na habari ya Bibi Aisha alipoulizwa na mwanamke aliyekuwa akiletewa zawadi na Majusi katika sikukuu yao. Jibu la Mama wa Waumini lilikuwa kwamba kilichochinjwa kwa ajili ya siku ile kisiliwe, ama matunda yao yaliwe.

Kwa hiyo mchele, sukari, unga na mafuta havina tatizo. Nyama na kuku vina hukumu ya uchinjaji, nayo mnaijua. Kadi ni karatasi. Kupokea kapu kazini si kushiriki ibada, na anayepanga foleni nje ya ofisi ya utawala kuchukua mfuko wa mchele hajaenda kanisani.

Kuna makapu, hasa yale ya wakubwa wa ofisi, ambayo huwekwa chupa ya mvinyo. Hii haipokelewi, wala haipokelewi kwa nia ya kumpa jirani au kuiuza ili pesa yake inunue sabuni. Imam Muslim amepokea habari ya mtu aliyemletea Mtume (SAW) kiriba cha mvinyo kama zawadi. Alipoambiwa kwamba umekwisha kuharamishwa, akamnong'oneza mwenzake auuze, na Mtume akamfahamisha kuwa aliyeharamisha kuunywa ndiye aliyeharamisha kuuuza. Mwislamu na amwambie mwajiri wake mapema, kwa adabu, kwamba chupa hiyo isiwekwe katika fungu lake. Waajiri wengi wakiambiwa hawakasiriki, na wengine huweka pakiti ya chai au juisi badala yake.

Tulipofika hapo ndugu yetu alishukuru na kutaka kuondoka. Tukamzuia kwa swali moja: miezi hii ya mwisho wa mwaka, ghala lenu hufungwa saa ngapi?

Akacheka. Akasema, "Sheikh, tangu Oktoba hatutoki kabla ya saa mbili usiku, mara nyingine saa tatu. Mizigo ya sikukuu ni mingi." Tukamuuliza, na hizo saa za ziada mmelipwa? Akatutazama kwa mshangao, kisha akasema kwamba meneja wao, siku ya kugawa makapu, aliwaambia kuwa kampuni ni familia moja, na kwamba kapu lile ndilo shukrani ya kampuni kwa usumbufu wote wa msimu.

Ndugu zetu, hapa ndipo penye jambo tulilokusudia kulizungumza Ijumaa hii. Nyumba nzima iligombana siku tatu juu ya uhalali wa mchele, na hakuna hata mmoja aliyeuliza juu ya ujira. Mke aliogopa kwamba kilicholetwa huenda ni haramu, na kuogopa haramu ni jambo jema. Lakini haramu iliyokuwamo katika kadhia hii ilikuwa ni kile ambacho hakikuletwa.

Tufanye hesabu kidogo, maana jambo hili ni la hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Zaidi ya hapo ni saa za ziada, ambazo hazipaswi kuzidi 50 katika kila wiki nne, na malipo yake hayapungui mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa. Tuchukue mfanyakazi mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 kwa mwezi. Kwa kanuni ya sheria hiyo, mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa saa 45. Saa yake moja ya kawaida inakuwa kama shilingi 2,000, na saa ya ziada shilingi 3,000. Akibaki saa tatu zaidi kwa siku 16 katika wiki nne, ana saa 48, nazo ni shilingi 144,000. Kwa wiki nane ni shilingi 288,000. Tuliliuliza lile kapu bei yake sokoni, kitu kwa kitu, nasi hatukuweza kulifikisha shilingi 70,000.

Basi nani amempa mwenzake zawadi hapo?

Hatusemi kwamba kila mwajiri anayetoa kapu ni dhalimu. Tunawajua wanaolipa kila kitu kwa wakati na juu yake wakatoa kitu kwa moyo mweupe, na mfanyakazi wa mtu kama huyo hana la kusema ila shukrani. Tunachosema ni kwamba vitu vitatu vilivyo tofauti huvalishwa jina moja la "zawadi ya sikukuu", na katika fiqhi kila kimoja kina hukumu yake.

Cha kwanza ni ujira. Huu ni deni juu ya mwajiri mara kazi inapokamilika na muda wake kufika. Katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Mwenyezi Mungu ametaja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa mshitaki wao siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kwa ukamilifu, kisha asimpe ujira wake. Tazameni uzito wa maneno hayo: wenzake wawili katika orodha hiyo ni mwenye kufanya ahadi kwa jina la Mungu akaivunja, na mwenye kumuuza mtu huru akala thamani yake. Malipo ya saa za ziada ni ujira. Malipo ya kufanya kazi siku ya mapumziko ya kitaifa ni ujira. Sheria yetu imeyaweka kuwa mara mbili ya mshahara wa msingi kwa kila saa, iwe siku hiyo ni ya Idd au ya Krismasi. Mpishi wetu wa Zanzibar anayepika chakula cha watalii tarehe 25 Desemba asiambiwe kwamba bakshishi waliyoiacha wageni mezani ndiyo malipo yake ya siku ile. Bakshishi imetoka mfukoni mwa mgeni, na mwajiri hawezi kulipa deni lake kwa mkono wa mtu mwingine.

Cha pili ni bonasi iliyoahidiwa kwa sharti. Mwajiri amesema, au mkataba umeandika, kwamba wakifikisha mauzo ya kiasi fulani watapata kiasi fulani. Wanazuoni wanalijua jambo hili kwa jina la ju'ala, nalo sharti likitimia huwa deni kama ujira. Dola yenyewe imeliona hivyo, kwani Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaihesabu bonasi kuwa sehemu ya mapato ya ajira na kuitoza kodi pamoja na mshahara. Mwajiri hawezi kuiita mshahara mbele ya mtoza kodi na kuiita hisani mbele ya mfanyakazi.

Cha tatu ndicho zawadi ya kweli, yaani hiba, na hiki hakilazimu. Hakuna sheria katika Tanzania inayomlazimisha mwajiri binafsi kutoa kapu wala bonasi ya Krismasi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi wetu katika pwani hii, hiba haitimii ila kwa kukabidhiwa. Kwa hiyo mwajiri aliyetoa mwaka jana na mwaka huu asitoe, hadaiwi, na mfanyakazi asimkasirikie kana kwamba amenyang'anywa. Ila ikiisha kukabidhiwa hairudishwi. Mtume (SAW) amemfananisha mwenye kurejea katika hiba yake na mnyama anayeyarudia matapishi yake. Tumesikia habari za makapu yaliyotolewa Desemba kwa tabasamu na picha, kisha Januari thamani yake ikaonekana imekatwa katika mshahara. Huko si kutoa zawadi. Huko ni kumuuzia mtu bidhaa asiyoiomba kwa bei asiyoambiwa, na sheria ile ile ya 2004 hairuhusu kukata mshahara ila kwa yale yaliyoamriwa na sheria au mfanyakazi aliyoyaridhia kwa maandishi.

Kuna jambo jingine, nalo ni masimbulizi. Katika Surat Al-Baqara, aya ya 264, Mwenyezi Mungu ametukataza kuziharibu sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi. Mfanyakazi anapodai chake mwezi wa Februari akaambiwa, "Wewe si ndiye tuliyekupa kapu juzi?", kapu lile limegeuka kuwa kufuli la mdomo. Na huenda ndiyo sababu baadhi ya waajiri huona nafuu kutoa kapu kuliko kulipa saa za ziada. Deni likilipwa halidai shukrani, na kapu hudai shukrani mwaka mzima.

Pengine msomaji atauliza desturi hii ilitoka wapi. Kwa sehemu kubwa tuliipokea kutoka kwa Waingereza. Katika nyumba za matajiri wa Uingereza, watumishi walifanya kazi siku ya Krismasi yenyewe ili mabwana wao wale na kufurahi, na baada yake wakapewa kisanduku chenye fedha, nguo au chakula. Tarehe 26 Desemba ikaitwa siku ya masanduku, na mwaka 1871 Bunge la Uingereza likaiingiza katika sheria ya siku za mapumziko. Utawala wao ulipokuja Tanganyika ulikuja na kalenda yake, na hadi leo tarehe hiyo ni mapumziko kwetu, ingawa wengi hawajui sanduku lenyewe liko wapi. Tukumbuke tu kwamba sanduku lilizaliwa kwa sababu kuna mtu alinyimwa sikukuu yake.

Zipo nchi zilizoliondoa jambo hili katika hisani na kuliweka katika haki. Ufilipino, kwa amri ya rais ya mwaka 1975, iliwalazimisha waajiri kulipa mshahara wa kumi na tatu kufikia tarehe 24 Desemba. Lakini mfano unaotuvutia zaidi ni Indonesia, kwa kuwa ndiyo nchi yenye Waislamu wengi kupita karibu zote duniani. Huko kuna malipo ya lazima ya sikukuu ya dini. Kwa kanuni ya Wizara ya Kazi ya mwaka 2016, mfanyakazi aliyetimiza miezi 12 hulipwa sawa na mshahara wa mwezi mmoja, na aliyefanya kazi walau mwezi mmoja hulipwa kwa kadiri ya miezi yake, na fedha hizo zinatakiwa zifike siku saba kabla ya sikukuu. Mwislamu hulipwa kabla ya Idd el Fitr, na Mkristo kabla ya Krismasi. Mhindu na Mbudha nao hulipwa kwa sikukuu zao. Mwajiri anayechelewa hutozwa faini. Hakuna anayelazimika kupokea kadi ya sikukuu isiyokuwa yake, wala hakuna anayebaki nje ya orodha kwa sababu ya dini yake. Hatusemi kwamba waajiri wote wa huko wanatimiza, maana kila mwaka yapo malalamiko ya waliocheleweshewa. Lakini anayelalamika huko analalamikia haki yake, na hatakiwi kubembeleza.

Tulipowaeleza habari hii baadhi ya wafanyabiashara wa Kiislamu wa Kariakoo, mmoja akasema kwa fahari kwamba yeye hana habari na Krismasi, ila kila Ramadhani huwapa vijana wake wa dukani "cha Idd". Tukamuuliza anakitoa katika fungu gani. Akajibu bila wasiwasi kwamba anakitoa katika zaka.

Ndugu zetu wenye maduka, tafadhalini. Zaka ni haki ya maskini iliyomo katika mali yako, na si marupurupu ya wafanyakazi wako. Kijana wako wa dukani akiwa fakiri unaweza kumpa zaka kama unavyompa fakiri mwingine, mradi usiihesabu kuwa sehemu ya malipo yake, wala usiitumie kumfanya aendelee kukutumikia au asidai nyongeza. Ukifanya hivyo umelipa gharama za biashara yako kwa mali ya Mungu. Na vijana wako Wakristo, ambao nao wamekubebea maboksi kutwa katika mwezi huo huo wa Ramadhani huku wewe umefunga, umewapa nini?

Hapa wanazuoni wamehitilafiana, na hatutaificha hitilafu. Wengi wanachukia Mwislamu kutoa zawadi kwa kusudi la kuitukuza sikukuu isiyokuwa yake, nasi tunaliheshimu neno lao. Lakini kuwafanyia wema na uadilifu wasiotupiga vita hakukukatazwa, kama ilivyo katika Surat Al-Mumtahina aya ya 8, na Sayyidna Omar alimpelekea vazi la hariri ndugu yake aliyekuwa bado mshirikina Makka. Na yako mambo ambayo hayamo kabisa katika hitilafu hiyo. Kumlipa mfanyakazi wako Mkristo mshahara wa Desemba kabla ya tarehe 25 ni uadilifu. Kumpa likizo yake aliyokwisha kuichuma ili akaswali na wazazi wake ni haki yake. Kumwongezea nauli, kwa kuwa wakati huo mabasi hujaa na safari ni ndefu, ni ihsani. Hayo hayamwingizi Mwislamu katika ibada ya mtu.

Na waajiri wote, Waislamu kwa Wakristo, watazame mlangoni kwao. Mlinzi anayefungua geti na mama anayedeki korido mara nyingi hawamo katika orodha ya makapu, kwa hoja kwamba wao ni wa kampuni ya wakala. Makapu hupita mbele yao yakipakiwa katika magari, na pengine ni wao wanaosaidia kuyabeba. Mtume (SAW) amefundisha kwamba mtumishi akuleteapo chakula, kama humketishi pamoja nawe, basi walau mpe tonge moja au mawili, kwa kuwa yeye ndiye aliyelivumilia joto lake. Kisheria huenda huwajibiki kwao. Lakini wamelivumilia joto.

Turudi kwa ndugu yetu wa ghalani. Baada ya kuyasikia haya alinyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo hatukumuuliza. Nyumbani kwake yuko binti wa kazi, Mkristo, kutoka Singida. Tangu Novemba alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda kwao Krismasi, na mke wa bwana akamwambia asubiri mwaka mpya upite, maana wageni ni wengi. Mshahara wake ni shilingi 80,000 kwa mwezi. Kwa miezi saba hajapewa. "Tunamwekea, Sheikh," alisema, "asije akazitumia ovyo."

Neno hilo, "tunamwekea", tumelisikia katika nyumba nyingi za Waislamu, na katika nyumba za watu wema. Tukamuuliza, je, yeye mwenyewe ndiye aliyewaomba mumwekee? Maana akikuomba umwekee, hiyo ni amana, nayo inatakiwa iwepo, imehesabiwa, na akiitaka leo aipate leo. Kama hakukuomba, basi hukumwekea, bali umemkopa bila idhini yake. Amri ya Mshahara ya nchi hii inamtaja mfanyakazi wa nyumbani waziwazi kama inavyomtaja wa kiwandani, na hakuna mahali iliposema kwamba mwenye nyumba ndiye atakayemwamulia matumizi yake. Akasema fedha hazipo. Zilikuwa zimeingia katika ada za shule.

Tukamkumbusha kisa anachokijua kila aliyepita madrasa, cha watu watatu waliofungiwa pangoni na jabali, kila mmoja akamuomba Mungu kwa amali yake iliyo safi zaidi, nacho kimo katika Bukhari na Muslim. Wa tatu wao alikuwa mwajiri. Mfanyakazi wake mmoja aliondoka bila kuchukua ujira wake, naye akauzalisha ujira ule mpaka ukawa ngamia, ng'ombe na kondoo. Baada ya muda mrefu yule mtu akarudi, akasema, nipe ujira wangu. Akaonyeshwa bonde lililojaa mifugo, akaambiwa vyote hivi ni vyako. Akadhani anafanyiwa mzaha. Kisha akavichukua vyote, asimwachie hata kimoja. Huyo ndiye aliyemwekea mtu, na jabali lilisogea.

Ndugu yetu alirudi kwetu Ijumaa iliyofuata. Mchele ulikuwa umepikwa, na mama yake, alisema, alikula kwa furaha ya mshindi. Mkewe alipoelezwa kisa chote hakubishana juu ya kapu tena. Yeye ndiye aliyekwenda kukopa katika kikoba chake shilingi 300,000, na mume akaongeza 260,000 kwa kukopa kwa ndugu yake. Binti alihesabiwa shilingi 560,000 mezani mbele ya bibi, akalia, akaondoka tarehe 22 alfajiri kwa basi kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi. Hawajui kama atarudi. Mke anasema hatamlaumu asiporudi.

Ama kuhusu saa za ziada, yeye na wenzake kumi na wanne, Waislamu na Wakristo, wameandika barua moja kwa uongozi wa kampuni, kwa lugha ya heshima, wakaambatanisha hesabu ya saa zao kama ilivyo katika daftari la mlinzi wa getini anayeandika kila anayetoka. Barua ilikuwa haijajibiwa. Tukawaambia waendelee kusubiri kwa adabu lakini wasisahau tarehe, kwa kuwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea madai ya namna hiyo ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoanza, na siku zimekwisha kuanza kuhesabika.